Kifafa, Kamera na Sitara

Wapo wazee wetu wakataao binti yao apigwe picha za video hospitalini akiwa ameshikwa na kifafa. Wasema huko ni kumvua sitara. Neno hilo si la kuchekwa. Katika hadithi sahihi twasoma habari za mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba huanguka kifafa na nguo zikamfunuka. Alikubali kusubiri ili apate Pepo, lakini aliomba aombewe asifunuke, naye akaombewa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, na tuulize kamera hiyo yatafuta nini. Mwaka 1924, mjini Jena, Mjerumani Hans Berger alinakili mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Siku hizi nyaya nyembamba hubandikwa kichwani, na kamera humwangalia mgonjwa, vyote vikifuata saa moja. Kila mtikisiko wa mkono hulinganishwa na wimbi lake.

Faida yake huonekana zaidi kwa kifafa kisichokoma. Mwili waweza kutulia, jamaa wakashukuru kuwa shetani ametoka, kumbe ubongo ungali katika vurugu. Hapa kwetu Kilifi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 juu ya watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ulionyesha kuwa baadhi yao walikuwa na degedege lisilotikisa mwili. Macho yachezacheza, mate yatoka, basi. Atazamaye kwa macho matupu hudhani mtoto amelala. Na mara nyingine mambo huwa kinyume: mwili watikisika, lakini si kifafa, na dawa za kifafa hazifai kitu.

Mtume ametuhimiza tujitibu. Rai yangu ni kuwa tusikikatae chombo, bali tudai adabu yake. Binti afunikwe shuka, nywele zake zishikwe na mwanamke mwenziwe, na tuelezwe mapema ni nani atakayezitazama picha hizo na zitawekwa wapi. Kuuliza hayo si ukaidi.

Chombo hiki hakipatikani kila hospitali, wala nyumbani hakimo. Basi tushike saa. Tangu mwaka 2015 mabingwa wa kifafa duniani wamekubaliana kuwa mtikisiko wa mwili mzima ukipita dakika 5 ni hatari ya kutibiwa papo hapo. Dua na isomwe, lakini kombe asinyweshwe aliyezimia, asije akapaliwa. Na dua hiyo yaweza kusomwa ndani ya gari, njiani kwenda hospitali.