Nyonga Isiyofikiwa na Damu

Mwezi uliopita tulimkaripia mwanafunzi wetu kwa kuketi katika sala ilhali wenzake wamesimama. Mamake akatujia chuoni baada ya Alasiri, akatueleza kwa upole: kijana ana selimundu, na mfupa wa nyonga yake umeanza kufa. Tulimtaka radhi.

Maradhi haya huzuka damu inapokatika kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Huletwa pia na ulevi, kuvunjika nyonga, na dawa za steroidi zitumiwazo kwa wingi. Hizo nazo zisiachwe ghafla pasi na daktari. Maumivu huanzia kinenani, pengine hata gotini, na mwanzoni eksirei huweza kutoonyesha kitu. Ndipo huagizwa picha ya MRI.

Kabla mfupa haujabonyea, yapo matibabu yasiyo ya kisu: kutembea kwa magongo ili uzito upungue, dawa za maumivu, na mazoezi ya viungo yasiyo na kuruka. Wapo madaktari watoao dawa za kuimarisha mfupa, ingawa tafiti hazijaafikiana juu yake. Kwa mtoto mdogo, mfupa huenda ukajijenga upya. Ama kumkanda kwa nguvu, akina mama, hakurudishi damu.

Hadithi ya Imran bin Huswein, aliyoipokea Bukhari, yamruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi. Nasi tuliisomesha miaka mingi! Kijana sasa husali juu ya kiti, mwisho wa safu, magongo yake ameyalaza kando.