Tezi za shingo na uchawi

Mgonjwa wa Sida akivimba tezi za shingo, majirani husema amelogwa. Upuuzi! Lakini tusiwalaumu majirani peke yao. Kuna zahanati ambamo kila tezi ni kifua kikuu: vidonge miezi sita, wala hapana mtu wa kukata kipande cha tezi kipimwe. Kweli, kifua kikuu huvimbisha tezi. Limfoma vilevile, nayo ni kansa. Tangu 1985 madaktari wanaihesabu limfoma kali kati ya magonjwa yatambulishayo Sida. Hukua upesi; ikijulikana mapema, wengine hupona. Na wale wahubiri wanaoamuru mgonjwa atupe vidonge vya Sida, eti ameombewa! Vidonge hivyo ndivyo vinavyopunguza hatari ya kansa hiyo. Sisi pia tunasali, na wagonjwa wetu wanavimeza.