Redio ya mji mdogo: usiku nani anapokea simu?

Kila tukipiga nyimbo za Dolly Parton au Jim Reeves, salamu za wasikilizaji huwa nyingi. Kwao Marekani, muziki huo wa country umebebwa kwa miaka mingi na redio za miji midogo. Katikati ya nyimbo, redio hizo husoma bei za mifugo, hali ya hewa na matangazo ya vifo.

Umiliki wake ulibadilika baada ya sheria ya mawasiliano ya 1996. Kabla ya hapo, kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 nchi nzima. Sheria iliondoa ukomo huo, na kampuni ya Clear Channel ikanunua hadi kupita vituo 1,200.

Ili kupunguza gharama, vituo vingi viliachia kompyuta kazi ya usiku. Nyimbo zinajipiga zenyewe, na sauti ya mtangazaji imerekodiwa mapema, pengine katika mji mwingine. Siku za kawaida, msikilizaji hatambui tofauti.

Tofauti ilionekana Minot, North Dakota, usiku wa Januari 18, 2002. Treni iliacha reli baada ya saa 7:30 usiku, na gesi ya amonia, ambayo wakulima huitumia kama mbolea, ikasambaa. Mtu mmoja alifariki na zaidi ya 300 waliumia. Vituo vyote 6 vya biashara mjini hapo vilikuwa vya Clear Channel. Kimojawapo, KCJB, kinachojulikana kwa muziki wa country, ndicho kilichopangiwa kutoa matangazo ya dharura.

Polisi walisema walipiga simu kituoni bila kupata mtu. Kampuni ilijibu kwamba mfanyakazi alikuwepo, na kwamba polisi hawakutumia ipasavyo mtambo wa tahadhari. Yeyote aliyekuwa sahihi, wakazi walilalamika kwamba walifungua redio kutafuta maelekezo wakakuta muziki.

Hapa kwetu pia kompyuta zimeingia studio, nasi tunazitumia. Si vibaya, mradi mtu awepo. Kwa hiyo iulize redio ya eneo lako mambo mawili: usiku nani yuko zamu, na viongozi wa wilaya wanampata kwa namba ipi? Mafuriko hayasubiri kipindi cha asubuhi.