Mbao za Ituri: barieri zinakula msitu kuliko mashini

Mjini Butembo, mzazi anayetaka kumtengenezea mtoto wake kitanda anaenda kwa fundi, anauliza bei, anashika kichwa. Fundi anasema si kosa lake, mbao zimepanda. Mwenye depo ya mbao anasema si kosa lake, Fuso imelala njiani siku tatu. Dereva anasema barieri. Na pale kwenye barieri, kijana aliyeshika kamba anasema yeye ametumwa tu. Kila mmoja anamuonyesha mwenzake kidole, na mwishowe lawama inamuangukia mtu ambaye hayuko pale: yule aliye ndani ya pori la Mambasa au la Irumu, mwenye mashini begani, ambaye mjini wengi wanamuita mharibifu wa msitu.

Huyo ndiye anayepata kidogo kuliko wote katika biashara hii. Ukifuata ubao mmoja tangu porini hadi sokoni, utaona pesa zinabaki wapi, na kwa nini msitu unaisha ilhali kila kona kuna mtu anayesema anaulinda.

Kazi yenyewe inaanza kwa deni. Tajiri wa Butembo, wa Beni ao wa Bunia anatanguliza petroli, oili, cheni mpya, mchele, maharagi, samaki wa chumvi, sabuni, na pesa kidogo za kumuona mwenye ardhi. Vyote vinaandikwa katika daftari, kwa bei ambayo tajiri mwenyewe ameipanga. Mara nyingi hata mashini ni ya tajiri, Stihl ya zamani iliyokwisha kutengenezwa mara nyingi hadi hakuna anayekumbuka ni kipande gani kilitoka nayo dukani. Mkataji anaingia porini na wasaidizi wawili, anajenga kibanda cha majani, anakaa humo wiki nyingi. Mwenye ardhi anamuonyesha mti. Anapewa pesa, mbuzi, chumvi, pengine panga mpya. Hakuna risiti.

Mti ukianguka, hakuna reli wala chuma cha kuongoza mashini. Wanachukua uzi, wanauchovya katika unga mweusi wa betri zilizokufa, wanauvuta juu ya gogo na kuuachilia ili uchore mstari. Kisha mkataji anashika mashini kwa mikono miwili na kufuata mstari ule kwa jicho lake, akirudi nyuma hatua kwa hatua, miguu katika ndala. Hana kofia ya kazi, hana glavu, hana kitu masikioni. Hapo ndipo madriye, mbao na sheveroni zinapotoka. Anayeona ubao ulionyooka sokoni ajue umenyooshwa namna hiyo.

Lakini kwa namna hiyo pia, zaidi ya nusu ya gogo inabaki porini. Inakuwa unga, inakuwa maganda, inakuwa vipande vilivyopinda ambavyo hakuna atakayevibeba. Mti wa libuyu uliokua zaidi ya miaka mia unatoa mbao za kujaza sehemu tu ya gari, na kilichobaki kinaoza pale pale.

Baada ya mkataji wanafika wabebaji. Ni vijana, na mahali pengine hata akina mama, wanaoweka madriye mbichi kichwani na kutembea kilometa nyingi katika matope hadi barabarani. Wanalipwa kwa kila ubao. Mguu ukiteleza, malipo ya siku yamekwisha, na dawa mgonjwa anajinunulia. Hakuna mkataba wala bima. Mkaguzi wa kazi hajawahi kuonekana upande ule. Ni Kifungu cha 15 tu, kila mtu na maarifa yake.

Na juu ya haya yote kuna vita. Tangu mwaka wa 2014 mauaji yalipoanza upande wa Beni, kisha yakapanda hadi Irumu na Mambasa, mtu anayeingia porini anaaga nyumbani kama anayekwenda mbali. Wakulima wameuawa katika mashamba yao, wakataji mbao wameuawa kando ya magogo yao. Aliye mjini anaweza kungoja habari zitulie. Aliyekula fedha za kutangulia hawezi kungoja, kwa sababu daftari halingoji.

Sasa ubao umefika kando ya RN4. Hapo ndipo unapoanza kuwa ghali.

Kuna idara ya mazingira. Kuna wa kodi za jimbo, wa usultani ao sekta, wa biashara, wa usafirishaji, wa usalama, kuna polisi na askari jeshi. Kuna barieri zenye kibao na risiti, na kuna zenye kamba na kiti tu. Mahali pengine wenye silaha wasio na cheo chochote nao wanaomba haki yao. Kuna pesa za sheria, na kuna maharagi ya watoto. Mfanyabiashara hatofautishi tena, anahesabu tu ni mara ngapi gari litasimama kabla ya kufika. Kisha mpakani Kasindi ao Mahagi anawakuta DGDA na OCC, na hesabu inaanza upya.

Watetezi wa mpango huu wanasema: bila barieri hizo msitu ungekwisha zamani. Neno hili linasikika vizuri katika semina. Barabarani halisimami. Anayesimamisha Fuso usiku hapandi juu kuangalia kama ni libuyu, mvule ao acajou. Hapimi unene wa gogo. Haulizi ubao umetoka katika shamba la nani, wala kama umetoka ndani ya Hifadhi ya Okapi, ile iliyoundwa mwaka wa 1992 ambamo kukata mti kwa biashara kumekatazwa. Anauliza jambo moja, na dereva analijua jibu lake hata kabla ya kuzima mota.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo halisemwi. Barieri nyingi zinatoza gari, hazitozi ubao. Gari likibeba mbao nzuri ao mbaya, nyingi ao kidogo, malipo hayabadiliki sana. Kwa hiyo mfanyabiashara afanye nini? Analijaza hadi lipinde, na analijaza mbao za bei ya juu peke yake, kwa sababu miti mingine haiwezi kulipa safari. Ndiyo maana libuyu inatafutwa mbali zaidi kila mwaka, huku miti mingine yenye mbao za kutosha kwa viti na madirisha ikichomwa katika mashamba mapya kama takataka. Msitu wa Ituri una aina nyingi za miti. Soko linajua chache tu, na barabara ndiyo iliyofundisha soko hivyo.

Tena, katika hesabu yote ya tajiri, kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni mti wenyewe. Petroli ni ghali, gari ni ghali, barieri ni ghali zaidi. Mti aliupata kwa mbuzi na chumvi. Nani basi atajisumbua kununua reli ya mashini ili kuokoa sehemu nyingine ya gogo? Atakata mti mwingine. Serikali inayotoza pesa nyingi barabarani na kuuacha mti bure porini inafundisha watu kuharibu, hata kama kila karatasi yake imepigwa muhuri wa mazingira.

Sheria ipo. Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ilifungua mlango kwa wakataji wadogo, na kibali chao ni cha raia wa Kongo, kinatolewa na gavana wa jimbo. Kwa karatasi ni jambo zuri. Lakini mkataji wa kijiji cha ndani ya Mambasa, asiyekuwa na nauli ya kufika Bunia wala mtu wa kumjua katika ofisi, atakifuata kibali hicho namna gani? Wengi wanafanya kazi chini ya karatasi ya mtu mwingine, ao bila karatasi kabisa. Na asiye na karatasi hawezi kulalamika. Akidhulumiwa na tajiri, akipokonywa mbao, akivunjika mguu, ataenda kumshitaki nani, yeye ambaye mbele ya sheria ni mwizi? Kuna wanaofaidika kuona mkataji akibaki hivyo, na hao hawako porini.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa katika hali ya dharura ya kijeshi, magavana wakawa wanajeshi na mabunge ya majimbo yakasimamishwa. Raia waliambiwa kwamba njia zitafunguka. Mfanyabiashara wa mbao anajua zaidi kuliko mtu yeyote ni barieri ngapi zimeondoka tangu siku ile na ni ngapi zimeongezeka. Aulizwe yeye.

Kinachoweza kufanyika si muujiza. Malipo yafanyike mara moja, mahali gari linapopakilia, kwa meta za ujazo na kwa aina ya mti, na karatasi hiyo moja ihesabiwe kuwa halali hadi mpakani. Libuyu ilipe zaidi, miti isiyojulikana ilipe kidogo sana. Sehemu ya usultani na ya kijiji iandikwe ukutani ambapo kila mtu anaisoma. Barabarani abaki wa kuangalia karatasi, asibaki wa kupokea pesa. Wale watakaosema haiwezekani, waangaliwe kwanza wanakaa kwenye barieri gani.

Njia nyingine ni ya vijiji vyenyewe. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake kwa sheria, hadi hektari 50.000, na kuamua yenyewe nani akate, wapi, na kwa bei gani. Kijiji chenye hati kama hiyo hakiuzi tena mti kwa mbuzi. Ni kweli kazi ya ramani na mikutano ni ndefu na inahitaji pesa, mara nyingi za mashirika. Ni kweli pia kwamba wakubwa wa kijiji wanaweza kujifanya ndio jamii nzima na kuwasahau Wambuti, ambao walikuwa katika msitu ule kabla ya kila mtu na ambao sheria ya 2022 inawalinda. Hatari hiyo ingali ndogo kuliko hali ya leo, ambapo hakuna anayeulizwa.

Kisha kuna suala la mahali kazi inapofanyiwa. Mbao za Ituri zinavuka Kasindi zikiwa mbichi, zinapangwa katika depo za Ndeeba kule Kampala, nyingine zinaendelea hadi Kenya. Njia hii si mpya: wakati wa vita vya 1998, mbao zilipita huko huko, na ripoti ya wataalam wa Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2001 iliandika juu yake. Kenya ilipofunga ukataji katika misitu yake ya serikali mwaka wa 2018, hamu ya mbao za jirani ilizidi. Ilianza kuifungua tena mwaka wa 2023, lakini wanunuzi walikwisha kuizoea njia ya Kongo. Na tangu 2022 Kongo yenyewe ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko liko wazi. Kinachouzwa ndani yake ni ubao unaodondosha maji.

Butembo haikosi mafundi. Inakosa ubao mkavu na umeme wa uhakika. Fundi ananunua mbao zilizofika jana, anatengeneza mlango leo, na baada ya miezi miwili mlango umejipinda na mteja amerudi na hasira. Matajiri wa mji huohuo wanaagiza viti toka China na Dubai, vinapita Mombasa, vinakutana njiani na libuyu inayoshuka. Tanuru la kukaushia mbao, hata moja la pamoja kwa mafundi wa mtaa, halina bei ya kutisha mbele ya majumba yanayojengwa mjini humo. Nao wakulima wa milima ya Lubero, ambao wamepanda mikaratusi kwa miaka mingi bila kusukumwa na mtu, wameonyesha kwamba mti unaweza kuwa shamba kama mashamba mengine. Lakini mkaratusi hauwezi kushindana na libuyu ya bure.

Wakati huo mkataji ametoka porini. Wiki sita zimepita. Anaketi mbele ya tajiri, daftari linafunguliwa. Petroli inatolewa. Oili inatolewa. Mchele, samaki, sabuni. Cheni mbili, moja ilikatika. Dawa ya malaria ya msaidizi. Mbao nne zilizopasuka njiani, hizo pia zinatolewa kwake. Tajiri naye anaeleza, na hasemi uongo, kwamba safari hii barabara imemmaliza. Kinachobaki mezani kinatosha kununua sukari, karo ya mtoto mmoja kati ya watatu, na kitenge. Jumatatu anarudi Mambasa. Cheni mpya imekwisha kuandikwa katika ukurasa unaofuata.