Lenzi haichumbiwi kwa picha

Kimya changu kisiwatie hofu. Ni zamu za usiku nne mfululizo, ukitoka hapo unalala kama gogo. Huku wazima. Baridi imeanza kuuma, lakini hiyo siyo habari.

Habari ni lenzi. Mlio kwenye kundi la familia mnaijua, wengine nieleze kifupi. Mdogo wangu anapiga picha za harusi pale Tanga. Ana kamera ya Canon EOS R10 na lenzi moja tu, ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Sasa anataka lenzi ya Sigma, 18-50mm f/2.8, na ametuwekea kwenye kundi picha 14 alizozitoa mtandaoni, zilizopigwa kwa lenzi hiyo. Mama ameziona, shangazi ameziona, mjomba wa Korogwe ameandika "hii ndiyo yenyewe". Ikaamuliwa Mama akope kwenye kikoba chake nusu ya hela, na nusu itoke kwangu. Mimi nikaulizwa mwisho, kama ilivyo kawaida ya mtu wa ughaibuni, tena nikaulizwa natuma lini, sikuulizwa naonaje.

Basi naonaje ni hivi: hela ya kikoba isitoke kwa sababu ya zile picha 14. Sijasema lenzi ni mbaya. Nasema zile picha hazijatuambia chochote kuhusu lenzi, na deni la Mama ni la kweli, lina riba na lina wiki zake.

Nilizifungua moja moja nikiwa nimetulia. Watoto wenye nywele za dhahabu kwenye bustani, jua la jioni. Kikombe cha kahawa dirishani. Paka. Daraja na maji. Binti mwenye madoadoa usoni kachekea pembeni, nyuma yake majani ya njano yameyeyuka kama siagi. Nzuri kweli, sibishi. Lakini hakuna hata moja iliyopigwa ndani ya ukumbi usiku. Hakuna bwana harusi mweusi tii ndani ya suti nyeusi, mbele ya pazia la zambarau, huku taa za MC zikizunguka kijani na bluu. Hiyo ndiyo kazi ya mdogo wangu kila Jumamosi. Mlichokisifia pale kwenye kundi ni jua la jioni, na jua la jioni haliuzwi dukani.

Halafu kuna jambo la ukubwa. Kamera yake inatoa picha ya nukta 6000 kwa 4000, yaani nukta milioni 24. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inafika ikiwa na nukta kama 1600 upande mrefu, ambayo jumla yake haifiki hata milioni 2. Fanyeni hesabu: katika kila nukta 100, kama 93 zimetupwa njiani. Ukali wa lenzi, hasa kwenye pembe za picha, umo ndani ya hizo 93. Picha ikishapunguzwa hivyo, ya lenzi ya bei chee na ya lenzi ya bei mbaya, zote za mchana wa jua, zinafanana kama mapacha. Mjomba wangu ninayempenda ameziangalia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndiyo akasema hii ndiyo yenyewe!

Na picha ya mtandaoni mara nyingi imeshapitia mikono. Sizungumzii udanganyifu, ni kazi ya kawaida: rangi imeongezwa, kivuli kimeinuliwa, ngozi imelainishwa. Hata kamera yenyewe inahariri. Lenzi nyingi za siku hizi zinapinda mistari au zinatia giza pembeni, na kamera inanyoosha kimya kimya kabla hujaiona picha. Mimi sina ugomvi na hilo, mradi ujue kwamba unasifia lenzi na programu kwa pamoja.

Udanganyifu nao upo. Mwaka 2016 Huawei waliweka mtandaoni picha nzuri ya mwanamke kwenye mwanga wa alfajiri wakiisifia kamera ya simu yao ya P9. Watu wakaifungua ile picha na kusoma taarifa zinazojificha ndani ya faili, wanaziita EXIF, wakakuta imepigwa kwa Canon EOS 5D Mark III na lenzi kubwa ya 70-200mm. Simu wapi na Canon wapi! Kampuni ikaomba radhi. Naikumbuka hadithi hii kwa sababu ya zile taarifa. Faili halisi ya picha inakuambia kamera gani, lenzi gani, tundu limefunguka kiasi gani, ISO ngapi, saa ngapi. WhatsApp inazifuta. Kwa hiyo picha zetu 14 zimefika bila cheti cha kuzaliwa.

Nikazitafuta zilikotoka. Saba nimezipata. Kati ya hizo, tano zimewekwa mtandaoni mwaka 2022. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Lenzi hii ilitoka kwanza mwaka 2021 kwa kamera za Sony na za L-mount. Ya kuingia kwenye Canon ya mdogo wangu imetoka mwaka 2024. Maana yake zile tano haziwezi kuwa zimepigwa kwa kamera ya Canon kama yake. Vioo vya ndani ni vilevile, hilo nakubali. Lakini rangi ile mliyoisifia inatengenezwa na kamera, na mwendo wa fokasi unategemea lenzi na kamera zinavyoelewana. Ni kama kumsifia mpishi wa Mombasa kwa pilau iliyopikwa Dodoma.

Tena hiyo fokasi ndiyo inayonikera zaidi, maana ndiyo roho ya kazi yake. Anayepiga picha 900 anaweka mtandaoni 20. Zile ambazo fokasi imekosea, ikashika keki badala ya bibi harusi, amezifuta kabla hajanywa chai. Hutaziona daima. Picha moja iliyonyooka haikuonyeshi ni ngapi zimepinda, na bwana harusi anavisha pete mara moja tu, haambiwi arudie.

Mnaonijua mtasema nesi kaacha sindano kashika kamera. Subirini. Wodini tunapiga picha vidonda ili kufuatilia vinaponaje. Tunaweka rula pembeni, tunaandika tarehe, tunajitahidi mwanga uwe uleule, na bado picha haitoshi, lazima mtu aguse, anuse, aulize. Ngozi ikianza kuharibika kwa kulala muda mrefu, vitabu vya zamani vinakufundisha utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu ule hauonekani hivyo, unatafuta joto, ugumu, maumivu. Na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kifaa kilionekana kizuri kwa watu ambao kilijaribiwa kwao zaidi.

Kwenye picha historia ni hiyohiyo. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mzungu, walimwita Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Malalamiko yaliyosikilizwa miaka ya 1970 yalitoka kwa watengeneza chokoleti na watengeneza samani, kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Chokoleti jamani! Siku hizi mambo yamekuwa bora sana, na lenzi yenyewe haichagui rangi ya mtu. Lakini uso mweusi juu ya suti nyeusi kwenye kiza ni mtihani mgumu kwa fokasi kuliko binti wa madoadoa juani, na mtihani huo haumo kwenye sampuli zetu. Sampuli! Hata neno lenyewe nililijua maabara. Ukitaka kupima mkojo wa Juma huchukui wa Hamisi.

Basi picha za mfano hazina faida? Zinayo, ukijua unatafuta nini. Mimi nikimwelekeza mtu nitamwambia aache nzuri, atafute mbaya. Atafute picha ambayo taa inamulika moja kwa moja kwenye lenzi, aone ukungu na vimadoa vinavyotokea. Atafute tawi jeusi mbele ya anga jeupe, aone kama kuna kingo za zambarau. Atafute iliyopigwa tundu likiwa wazi kabisa, aikuze hadi mwisho, aende pembeni. Na iwe faili kamili, si kivuli chake. Tovuti ya DPReview, ile ya tangu 1998 ambayo nusura ifungwe mwaka 2023 kisha ikapata mwenyewe mpya, inakuruhusu kupakua picha kubwa na hata faili ghafi. Bando litaumia, najua. Nitatuma bando.

Yupo pia Roger Cicala wa LensRentals kule Marekani, ambaye kabla ya lenzi alikuwa daktari (ndiyo maana namwelewa haraka). Kwa miaka amekuwa akipima lenzi nyingi za aina moja na kuonyesha kwamba hazilingani. Mbili zenye jina moja, kutoka kiwanda kimoja, moja inaweza kuwa kali kuliko mwenzake. Hata picha ya kweli kabisa ya mtandaoni ni ya lenzi ya mwenzio.

Kinachonishangaza ni kwamba sababu nzuri ya kuitaka lenzi hii haihitaji picha hata moja. Lenzi yake ya sasa ikivutwa hadi 45mm haifunguki zaidi ya f/6.3. Hii inabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Kwa hesabu hiyo inaingiza mwanga mara tano. Ukumbini, pale anapopandisha ISO hadi 12800 na picha kuwa na chenga kama mchanga wa Pangani, angebaki kwenye 2500 hivi. Hilo ni jambo kubwa, na liko kwenye karatasi ya maelezo, bure.

Lakini karatasi hiyohiyo ina jambo ambalo kundi zima halikuligusa. Lenzi hii haina kituliza mtikisiko. Ile ya zamani inacho. Na R10 yenyewe haina kituliza cha ndani, ina kile cha kidijitali tu cha video, kinachokata kingo. Kwa picha za watu wanaocheza si neno kubwa, maana anahitaji kasi hata hivyo. Lakini mdogo wangu, nusu ya wateja wako siku hizi wanataka na video fupi za kuweka mtandaoni, na wewe unashika kamera mkononi. Picha 14, hata zingekuwa 1400, zisingekuonyesha mtikisiko wa video.

Najua utanijibu: "Dada, mbona wateja wananichagua mimi kwa kuona picha?" Ni sawa. Wanachagua jicho lako, na jicho linaonekana pichani. Ndiyo maana picha zako za sherehe ya mwaka jana, zilizopigwa na hiyo lenzi ya boksi, Mama amezitundika sebuleni.

Ninachotaka kifanyike ni hiki. Uliza wenzako wa Dar nani anayo, uikodi kwa harusi moja, gharama ya kukodi naitoa mimi, haihusiani na kikoba. Piga ukumbini kama kawaida, tundu wazi, usifute hata moja. Piga na video dakika mbili ukitembea nyuma ya maharusi. Kisha nitumie faili zote kwa njia ya dokumenti, zisipite kwenye kupunguzwa, na zile zilizokosa fokasi nizihesabu mwenyewe. Jumanne na Jumatano sina zamu. Ikipita, nusu yangu ipo tayari, na ile ya Mama tutaitafutia njia nyingine isiyo na riba.

Mama, Jumamosi kwenye kikoba usiweke sahihi mpaka nikupigie. Mjomba, shikamoo, na kioo cha simu tutakishughulikia. Naingia kazini.