Si Kila Mbio za Magari Zastahili Likizo ya Askari

Ngoma ivumayo haidumu. Methali hii yafaa ikumbukwe kila mara tangazo la mashindano ya magari ya porini linapofika kambini na katika vituo vya polisi. Madereva wetu huyapenda sana mashindano hayo, wala si ajabu. Mtu ambaye kazi yake ni kupeleka chakula, majeruhi au doria mahali pasipo na lami, lazima amtazame kwa jicho la fundi mwenzake apitaye katika tope na miamba. Lakini likizo ya askari ni fupi, na mshahara wake una wenyewe nyumbani. Kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza kama mashindano hayo yanapendeza. Yatupasa kuuliza ni yapi yanayostahili siku zake za mapumziko na nauli yake.

Maoni yangu ni haya: mashindano yanayostahili kuhudhuriwa ni yale yanayomheshimu dereva afikaye salama, na yanayowaacha wenyeji wa mahali hapo wakiwa na faida. Mengine yote, hata yakivuma namna gani, ni vumbi tupu.

Tuanze na mfano mwema ulio karibu nasi. Nchini Kenya lipo shindano liitwalo Rhino Charge, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Shindano hilo halina njia iliyochorwa. Washindani huoneshwa vituo 13 vilivyotawanyika katika vichaka, vilima na makorongo, nao hutakiwa kuvifikia vyote katika muda wa saa 10. Anayetangulia kufika si lazima awe mshindi. Mshindi ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa kupita umbali mfupi kuliko wenzake.

Sharti hilo moja hubadili tabia nzima ya uendeshaji. Dereva akizunguka korongo, anajiongezea umbali. Akilivuka bila kulipima, huenda akabaki humo hadi jua litue. Basi hulazimika kufikiri kabla ya kukanyaga mafuta. Mwenzake hushuka na kukimbia mbele kwa miguu akichungua ardhi: wapi pana jiwe lililofichwa na nyasi, wapi udongo umelegea, wapi pana mti imara wa kufungia waya wa winchi. Mahali pengine gari huenda polepole kuliko mtu atembeaye, kwa gia ya chini kabisa, na dereva humsikiliza mtu aliye nje ambaye huona kile asichokiona yeye. Je, si hiyo ndiyo kazi ya dereva wa lori la jeshi anapovuka mto uliofurika, au ya dereva wa Land Rover ya polisi anapomfuata mwizi wa ng'ombe mahali pasipo na njia? Askari akitazama hayo kwa siku moja, atarudi na elimu ya kuwapa wenzake.

Tena shindano hilo lina kusudi linaloonekana kwa macho. Kila kundi la washindani huleta mchango wa fedha, na fedha hizo huenda kwa shirika la Rhino Ark, lililoanzishwa mwaka 1988 ili kuwanusuru vifaru wa milima ya Aberdare. Matunda yake ni uzio wa umeme wenye urefu wa kilometa 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009 kuizunguka milima hiyo. Uzio huo huwazuia ndovu wasiingie mashambani mwa wakulima, na huulinda msitu ambamo hutoka maji yanywewayo na wakazi wa Nairobi. Mtazamaji akilipa kiingilio, anaweza kuoneshwa mahali ambapo shilingi yake imesimamishwa kuwa nguzo.

Sasa tutazame upande wa pili. Mashindano ya Dakar, yaliyoanzishwa na Mfaransa Thierry Sabine mwaka 1978, yalipata sifa duniani kote kwa kulivuka jangwa la Sahara. Lakini njia yake ilipita pia vijijini, kwa kasi kubwa, mbele ya nyumba za watu ambao hawakuwa washindani. Mwaka 2006 watoto wawili waligongwa wakafa, mmoja nchini Guinea na mwingine nchini Senegal. Mashindano ya mwaka 2008 yalifutwa kwa sababu ya usalama, na tangu hapo hayakurudi Afrika. Yalihamia Amerika ya Kusini, na kuanzia mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia. Sifa zilikuwa kubwa, lakini mzazi aliyempoteza mwanawe kando ya njia atazipima kwa mizani gani?

Wala lawama si ya waandalizi peke yao. Mwaka 1986, katika mashindano ya Ureno, watazamaji walikuwa wamezoea kusimama barabarani na kuruka pembeni gari linapokaribia. Gari moja lilipoacha njia liliwaingia. Watu 3 walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Polisi yeyote aliyewahi kuzuia umati anaelewa jambo hilo bila kuelezwa zaidi. Ukifika mahali ukaona watazamaji wamesimama upande wa nje wa kona, na hakuna mtu wa kuwaondoa, geuza gari urudi nyumbani.

Huenda afande mmoja akasema: “Kazi yetu yahitaji kasi, basi tutazame mbio za kasi.” Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya Safari Rally yaipunguza. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mengine yote yaliishia topeni na mawe yakiwa yamevunjika. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kwa kazi yake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika mbio za namna ile, kasi isiyo na hesabu haikumfikisha mtu popote. Aliyeshinda alikuwa kwanza mtu aliyejua kulitunza gari lake.

Mbio hizo zilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, zikiwa na makao yake Naivasha. Siku hizi vipande vya mbio ni vifupi zaidi, na barabara zake hufungwa. Yafaa kuzitazama, mradi mtazamaji akae mahali alipoelekezwa.

Yabaki yale mashindano madogo yanayotangazwa kwa haraka, ambayo hakuna amjuaye mwenyeji wake. Kabla ya kuomba ruhusa kwa mkuu wako, uliza mambo manne. Nani anayeyasimamia, na je, jina lake linajulikana? Ardhi ni ya nani, na je, mwenye shamba ameridhia? Yuko wapi daktari, na gari la kumchukua majeruhi litapita njia gani? Fedha za kiingilio zinakwenda wapi? Lisipopatikana jibu la swali hata moja, usiende. Tena, mahali ambapo chupa za pombe hufunguliwa kabla ya injini kuwashwa, hapana haja ya kuuliza swali lolote.

Mwisho, gari la serikali si la michezo. Askari aendaye kutazama mashindano aende kwa nauli yake, na akirudi, aketi na madereva wenzake awaeleze alichojifunza. Kila asubuhi dereva wetu hukabidhiwa roho za watu walioketi nyuma yake, nao hawana haja na kombe. Wanataka kufika. Basi achague kwenda mahali ambapo kufika ndiko kunakopewa tuzo.