Mba si ukavu, tuache kuumwagia mafuta

Haya wadau, leo niongelee vichwa vyetu. Hapa hosteli ukilalamika kuwa una mba, kichwa kinawasha na nywele zinabaki kwenye kitana, ushauri ni ule ule: "Kichwa chako kikavu, paka mafuta." Mimi nasema ushauri huo ndio unaotumaliza.

Yaangalie vizuri yale magamba. Mara nyingi yana unjano na yananata. Ukavu gani huo? Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu wanaishi fangasi waitwao Malassezia, na chakula chao ni mafuta. Baadhi yetu ngozi haivumiliani nao: inavimba, inawasha, tunakuna, nywele zinadondoka. Sasa ukiongeza mafuta si unawapelekea msosi?

Halafu kwa aibu tunasuka rasta za kubana ili tufiche. Hapo ndipo penye hatari. Nywele zilizotoka kwa mba kwa kawaida huota tena uvimbe ukitibiwa. Zinazovutwa na misuko ya kubana miaka nenda rudi zinaweza zisirudi kabisa.

Kwa hiyo bumu likitoka, badala ya kopo jingine la mafuta, nunua shampuu ya ketokonazoli duka la dawa. Paka kwenye ngozi yenyewe, subiri dakika 5, suuza. Mwezi ukiisha bila nafuu, au ukiona usaha au upara wa duara, nenda zahanati. Huenda ni mapunye, na hayo yanataka vidonge.

Haya, nani anabisha?